UTI inayojirudia na hofu ya figo: jibu kwa msomaji

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina watoto wawili, sina mimba. Katika miezi kumi iliyopita nimeambiwa mara nne kwamba nina UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Kila mara napewa dawa, napata nafuu, kisha inarudi. Safari ya mwisho sikwenda hospitali, nilimeza siprofloksasini zilizobaki nyumbani. Sasa kiuno kinaniuma, nami hunywa diklofenaki karibu kila usiku ili nilale. Jirani ameniambia UTI sugu huua figo, kwa hiyo nakunywa maji lita sita kwa siku na kujisafisha ndani kwa sabuni ya dawa. Nimekutumia picha za majibu ya maabara. Nifanye nini isirudi, na nitajuaje kama figo zangu ni nzima?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimeyasoma maelezo yako na majibu yote ya maabara, na jambo la kwanza ninalotaka kukueleza huenda likakushangaza: kwa mwanamke mwenye afya ya kawaida na asiye na mimba, maambukizi yanayoishia kwenye kibofu cha mkojo, hata yakijirudia, ni nadra sana kuziharibu figo. Katika yote uliyoniandikia, linalonitia wasiwasi zaidi kuhusu figo zako ni ile diklofenaki ya kila usiku. Nitalirudia jambo hilo, lakini tuanze na majibu ya maabara, kwa kuwa mengi yanategemea kama kweli ulikuwa na UTI mara zote nne.

Majibu matatu kati ya manne yanatokana na kijiti kilichochovywa kwenye mkojo na mkojo wenyewe kuangaliwa kwa darubini tu. Yanaonyesha chembe za usaha chache, seli nyingi za ngozi, na alama ya nitriti hakuna. Jibu la nne ndilo pekee ambalo mkojo wako ulioteshwa maabara, yaani vijidudu vyake viliachwa vikue ili vitambuliwe, na limeandikwa kwamba vimeota vijidudu vya aina nyingi vilivyochanganyika. Jibu la namna hiyo kwa kawaida halithibitishi maambukizi, bali huonyesha kwamba mkojo ulichanganyika na vijidudu vya ngozi na vya ukeni wakati ulipokuwa ukiingia kwenye kichupa. Zile seli nyingi za ngozi katika majibu mengine zinaelekea huko huko. Sisemi kwamba hukuwa na UTI kabisa, maana umeeleza kwamba mara ya kwanza na ya pili ulisikia kuungua wakati wa kukojoa na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na dalili hizo mbili zikikutana bila uchafu wala muwasho ukeni, uwezekano wa UTI ni mkubwa hata kabla ya kipimo. Mara ya tatu na ya nne, hata hivyo, ulikwenda kwa sababu ya kiuno na uchovu, wala mkojo haukukuunguza. Hapo mimi nisingekupa dawa ya kuua bakteria kwa ushahidi wa karatasi zile.

Kuhusu nitriti, ni vyema ujue pia mipaka yake. Baadhi ya bakteria hugeuza nitrati iliyomo kwenye mkojo kuwa nitriti, lakini kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kibofuni kwa saa kadhaa, yapata 4 au zaidi. Mtu anayekunywa lita sita na kukojoa kila baada ya dakika arobaini anaweza kuwa na bakteria na kijiti kisionyeshe kitu. Zaidi ya hayo, wapo bakteria wasioweza kabisa kutengeneza nitriti. Kijiti ni msaidizi mzuri wa daktari anayemsikiliza mgonjwa, na ni mwamuzi mbaya kinapoachwa peke yake.

Safari nyingine dalili zikitokea, omba mkojo uoteshwe kabla hujameza kidonge chochote, na uutoe hivi. Nawa mikono, tenganisha mashavu ya uke kwa vidole viwili na uendelee kuyashikilia hivyo, acha mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha bila kuukatiza ingiza kichupa kwenye mkondo na ukinge mkojo wa katikati, na ukiondoe kabla hujamaliza. Usiguse sehemu ya ndani ya kichupa wala ya kifuniko. Kisha ufike maabara mapema, kwa sababu mkojo ulioachwa mezani kwenye joto kwa saa mbili au tatu huwa shamba la bakteria, na wachache walioingia kwa bahati mbaya huonekana kuwa maelfu. Kipimo cha kuotesha hufanya kazi mbili: hutaja bakteria aliyepo, na huonyesha ni dawa zipi zinamuua na zipi amekwisha kuzizoea.

Lipo jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Bakteria wanaweza kukaa kwenye mkojo bila kuleta dalili yoyote, hasa kwa wanawake wa umri mkubwa na kwa wenye kisukari, na kwa watu wazima walio wengi hali hiyo haipaswi kutibiwa, kwa kuwa dawa haiwapunguzii hatari yoyote na huwaachia bakteria sugu zaidi. Wajawazito hawamo katika kanuni hiyo: wao hupimwa mkojo hata wakiwa hawana dalili, na bakteria wakionekana hutibiwa, kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza mirija inayotoka kwenye figo na mfuko wa uzazi huikandamiza, na maambukizi hupanda kwa urahisi. Mtu anayetarajia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo naye hutibiwa kabla. Na mkojo unaounguza si UTI kila wakati, kwani fangasi wa ukeni, klamidia, kisonono na hata mchubuko wa sabuni kali huweza kuleta mwako unaofanana nao. Ikiwa pamoja na mwako kuna uchafu usio wa kawaida au muwasho, uchunguzi uanzie huko.

Sasa tuje kwenye kinga, na hapa inafaa kujua adui anatoka wapi. Wengi huamini kwamba UTI huokotwa chooni, kwenye kiti ambacho mtu mwingine amekalia. Ukweli ni kwamba bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi haya, takriban visa vitatu kati ya vinne au zaidi kwa wanawake wenye afya, anaitwa Escherichia coli, na makao yake ni utumbo wako mwenyewe. Hutoka kwenye njia ya haja kubwa, huhamia kwenye ngozi inayozunguka uke, kisha huingia kwenye mrija wa mkojo. Kwa mwanamume mrija huo una urefu wa takriban sentimita 20, kwa mwanamke ni sentimita 4 hivi, na mdomo wake uko jirani kabisa na uke. Umbile hilo ndilo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi, wala halihusiani na uchafu au tabia ya mtu. Naliandika hili kwa mkazo kwa kuwa nimekutana na wanawake waliolaumiwa na waume zao kwa ugonjwa ambao chanzo chake ni sentimita chache za mrija.

Mwili haukuachwa bila mlinzi. Ukeni wanaishi bakteria wema wanaoitwa laktobasili, ambao hutengeneza asidi na kuifanya sehemu hiyo isikalike kwa E. coli. Sabuni ya dawa unayoitumia ndani inawaua walinzi hao kwanza, na hivyo unamfungulia mlango mgeni uliyetaka kumzuia. Iache leo. Sehemu ya nje inatosha kuoshwa kwa maji matupu au sabuni isiyo na manukato, na ndani hapahitaji kuoshwa na kitu chochote. Kwa sababu hiyo hiyo, dawa za kuua mbegu za kiume, ziwe zimepakwa kwenye kondomu au zinatumika pamoja na kiwambo cha uzazi wa mpango, huongeza UTI kwa wanaozitumia. Ikiwa ndiyo njia yako ya kupanga uzazi, zungumza na mhudumu wako kuhusu njia nyingine.

Tendo la ndoa lenyewe husukuma bakteria kuelekea kwenye mrija wa mkojo, ndiyo maana tunashauri kukojoa mara baada yake. Kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma ni ushauri wa aina hiyo hiyo. Nakiri kwamba ushahidi wa kitafiti kwa mambo haya mawili si mzito, lakini mantiki yake ni nzuri, hayana gharama wala madhara, kwa hiyo nayapendekeza bila kusita. Usizuie mkojo kwa saa nyingi, na unapokojoa keti ukatulia hadi kibofu kiishe, kwa sababu mkojo unaobaki chini ndio unaozalisha vijidudu. Wanawake wengi huchuchumaa juu juu kwa kuogopa kiti cha choo, misuli ya nyonga ikakaza, na kibofu kikabaki nusu. Choo kigumu cha muda mrefu nacho hukibana kibofu, basi kitibu.

Ushauri wa maji una ushahidi bora kuliko yote hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wanawake 140 ambao hawajafikia ukomo wa hedhi, waliokuwa wakiugua UTI ya kujirudia na waliokuwa wakinywa vinywaji chini ya lita moja na nusu kwa siku. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku kwa miezi 12. Walioongeza waliugua kwa wastani mara 1.7 katika mwaka, na ambao hawakuongeza mara 3.2. Angalia kwa makini ni akina nani walionufaika: ni wale waliokuwa wakinywa kidogo mno. Matokeo hayo hayamwambii anayekunywa lita mbili na nusu kwamba akifika sita atapata kinga maradufu. Lita sita kwa mtu asiyefanya kazi nzito juani huweza kupunguza chumvi ya sodiamu kwenye damu hadi mtu akapata maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, na hukuamsha usiku kucha, jambo ambalo huenda ndilo linalokuchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Shuka hadi lita mbili au mbili na nusu, zigawe mchana kutwa, na uitazame rangi ya mkojo: ukiwa wa manjano hafifu umefika. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo uliokwisha kutambuliwa asifuate kipimo hiki bila kumwuliza daktari wake.

Kuhusu virutubisho, tunda la kranberi, kwa juisi au vidonge, limeonyesha kupunguza UTI kwa wanawake wanaougua mara kwa mara, kwa kiasi cha wastani, lakini halitibu maambukizi yaliyokwisha kuanza. Sukari iitwayo manosi, inayouzwa sana kwa ahadi kubwa, ilijaribiwa kwa wanawake karibu 600 nchini Uingereza, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba inakinga. Kwa waliokwisha kukoma hedhi, estrojeni inayopakwa ukeni husaidia sana, kwa kuwa huwarejesha wale laktobasili. Wewe hujafika huko. Hatua hizi zikishindwa, na UTI ikathibitishwa maabara mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka, daktari anaweza kukupa methenamini, ambayo huzuia bakteria kukua kwenye mkojo bila kuwa antibiotiki, au dozi ndogo ya antibiotiki, ama kila siku kwa miezi kadhaa ama baada ya tendo la ndoa pekee. Hayo ni maamuzi ya kliniki, na ninyi wawili mtayapima.

Zile siprofloksasini zilizobaki nyumbani ni kosa ambalo ningependa lisirudiwe. Kwanza, kuna vidonge vilivyobaki kwa kuwa dozi iliyotangulia haikumalizwa. Pili, dawa hiyo huweza kudhuru kano na mishipa ya fahamu, na siku hizi madaktari huiweka akiba kwa maambukizi mazito. Kwa UTI ya kibofu tunaanza na dawa kama nitrofurantoini kwa siku 5 au fosfomisini ya dozi moja, kutegemea usugu ulivyo mahali ulipo. Tatu, mkojo unaotolewa baada ya kumeza siprofloksasini huwa umekwisha kuvurugwa na dawa, hivyo hata ukioteshwa, bakteria wanaweza kukosekana kwenye jibu na huku wamebaki mwilini. Hili neno «sugu» nalo linahitaji kufafanuliwa. UTI ikirudi ndani ya wiki mbili baada ya dawa na bakteria ni yule yule, huenda hakuuawa, na tunatafuta sababu, kama vile usugu wa dawa au jiwe kwenye njia ya mkojo. Ikirudi baada ya miezi miwili, mara nyingi ni maambukizi mapya yaliyoingia kwa njia ile ile ya awali, na hapo kinga hufaa zaidi kuliko dawa kali.

Maambukizi hufika kwenye figo pale bakteria wanapopanda kutoka kibofuni, na yakifika hayajifichi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, kichefuchefu au kutapika, na maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu ni dalili za kukufikisha hospitali siku hiyo hiyo, na ikiwa unatapika kiasi cha kushindwa kumeza dawa, au umechanganyikiwa, hata usiku. Nitrofurantoini haifai katika hali hiyo, kwa kuwa hujikusanya kwenye mkojo lakini haifiki kwa kiasi cha kutosha kwenye nyama ya figo. Walio katika hatari kubwa ni wajawazito, wenye kisukari, wenye mpira wa mkojo, watoto wadogo ambao mkojo wao hurudi nyuma kutoka kibofuni, wanaume wenye tezi dume iliyovimba, na zaidi ya wote mtu mwenye jiwe lililoziba mrija unaotoka kwenye figo huku mkojo ulio nyuma yake umeambukizwa. Hali hiyo ya mwisho ni ya dharura ya saa chache.

Kiuno chako sasa. Weka viganja vyako mgongoni, vidole gumba vikielekea mbele, mahali mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo. Figo ziko hapo, juu kuliko watu wengi wanavyodhani. Maumivu yako umeyaeleza kuwa yako chini, usawa wa mkanda, yanazidi unapoinama kuinua mtoto na hupungua ukilala. Maelezo hayo ni ya misuli na viungo vya uti wa mgongo. Maumivu ya figo hayajali umeinama au umelala.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo hizo ndizo zinazosaidia kuuacha wazi mshipa unaopeleka damu ndani ya chujio za figo, hasa mwili unapokuwa umepungukiwa na maji. Kidonge cha siku mbili tatu kwa kijana mwenye afya si tatizo, ila matumizi ya kila usiku kwa miezi huweza kuidhuru figo kimyakimya, na hatari hupanda sana kwa anayetumia pia dawa za presha pamoja na dawa za kuongeza mkojo. Acha diklofenaki, tumia parasetamoli bila kuzidisha gramu 3 kwa siku, na umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni kejeli ya aina yake kwamba dawa unayoimeza kwa maumivu unayohofia ni ya figo ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kuzidhuru. Mitishamba ya kusafisha figo nayo sikushauri: figo haihitaji kusafishwa, yenyewe ndiyo inayosafisha, kwa kuchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku na kurudisha mwilini karibu zote. Mimea ya jamii ya Aristolochia, iliyowahi kuchanganywa kwenye dawa za kupunguza unene nchini Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliwaharibia wanawake wengi figo kabisa.

Figo zinazoharibika polepole kwa kawaida haziumi, kwa hiyo hutaijua hali yake kwa kusikiliza mgongo. Utaijua kwa vipimo vitatu vyepesi: shinikizo la damu, kreatinini ya damu (taka ya mwili inayochujwa na figo) ambayo kwayo maabara hukokotoa kasi ya kuchuja, na protini iitwayo albumini kwenye mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo. Kasi ikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, au albumini ikiwa miligramu 30 au zaidi kwa kila gramu ya kreatinini kwa kipindi kama hicho, huo ndio ugonjwa sugu wa figo. Kreatinini peke yake isikutulize sana, maana huweza kubaki ndani ya kiwango cha kawaida hata utendaji wa figo ukiwa umeshuka sana. Pima na sukari, kwa sababu kisukari na shinikizo la juu la damu ndivyo vinavyoongoza duniani kwa kuharibu figo, na kisukari kisichojulikana huzidisha UTI pia. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu unachokula. Kama unavuta sigara, ni sababu nyingine ya kuacha.

Pima baada ya kukaa wiki mbili bila diklofenaki, na mkojo wa albumini utoe asubuhi, nje ya siku za hedhi na ukiwa huna mwako wowote, kwa kuwa maambukizi na damu ya hedhi hupandisha kipimo hicho kwa uongo. Ukinitumia majibu, andika tarehe, dawa ulizomeza wiki ile, na kama mkojo ulioteshwa, picha ya ukurasa wote wenye orodha ya dawa zilizojaribiwa, si mstari wa mwisho pekee.